Nani Atamlipia Mama wa Omena?

Hotuba niliyoitoa kwa wanachama wa chama chetu, akina mama wa soko na vijana wa bodaboda, katika ukumbi wa kanisa, Kondele, Kisumu. Nimeiandika jinsi nilivyoisema. Nimetoa tu mahali nilipokohoa na mahali mwenyekiti aliponionyesha saa.

Oyawore. Mulembe. Hamjambo nyote.

Mwenyekiti, mwekahazina, akina mama wa Kibuye, vijana wa stendi, na wageni wetu wa Luanda ya Vihiga ambao wamefika mapema kuliko sisi wenye mji. Asanteni kwa chai. Sukari ilikuwa nyingi, lakini mimi ni nesi mstaafu na kulalamikia sukari ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Sista, watu wanataka neno moja tu. SHA ni nzuri au ni mbaya?" Nikamjibu kwamba neno moja sina, ila dakika ishirini ninazo. Akakubali, akaongeza, "Lakini usilete siasa." Hapo ndipo tulipoachana. SHA, yaani mamlaka inayoendesha bima mpya ya afya ya taifa, ni mpango wa Rais William Ruto. Sheria zake alizitia sahihi yeye mwenyewe Oktoba 19, 2023, na hapiti jukwaa bila kuutaja. Mpango wa mwanasiasa huwezi kuupima bila kugusa siasa. Ninachoahidi ni kwamba sitamwambia mtu hapa ampigie nani kura.

Nianze na usiku mmoja.

Jirani yangu anauza omena, dagaa wetu wa ziwani, katika soko la Kibuye. Wengi mnamjua, kwa hiyo jina lake linabaki mfukoni mwangu. Kijana wake alianguka na pikipiki, mfupa wa paja ukavunjika. Tukamkimbiza hospitali, na hospitali nayo sitaitaja. Ilikuwa saa tano usiku. Mlango wa majeruhi ukafunguliwa, na swali la kwanza halikuwa "anaumia wapi?" Lilikuwa "nambari ya kitambulisho?" La pili, "simu iko wapi, kuna nambari inatumwa." Simu ya mama ni kabambe, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke, na chaji ilikuwa imekwisha. Nikaomba chaja kwa mlinzi. Tukasimama pale ukutani penye soketi, kijana analia kwenye machela, sisi tumekodolea macho kisimu kile kama watu wanaongoja yai lipasuke.

Simu ikawaka, nambari ikaingia. Dada wa dawatini akatazama kompyuta yake akasema, "Mama, umesajiliwa, lakini hujalipa." Ni kweli alikuwa amesajiliwa. Mhudumu wa afya ya jamii alipita kwake na simu ya serikali, akamuuliza maswali chini ya mwembe, akamwambia ada yake imetoka shilingi 450 kwa mwezi. Mama akajua atakuwa akilipa kila mwezi, kama enzi za NHIF, ile bima ya taifa ya zamani. Sasa anaambiwa 450 mara 12, yaani 5,400, na zote kwa mpigo mmoja, ndipo kompyuta imtambue.

Chama hiki kilitoa 2,000. Mwekahazina alizituma akiwa kitandani, mwenyewe anacheka pale, anakumbuka. Mimi nikatoa 1,000. Zilizobaki zilitoka kwa mtu wa Usenge anayemletea omena, na hadi leo mama anazilipa kwa gorogoro. Tukatuma pesa. Tukaambiwa mfumo uko chini. Mfumo ulilala usingizi wake vizuri, ukaamka saa nne asubuhi.

Ulipoamka, kijana akaingia thieta. Bima ikalipa sehemu kubwa. Hakuna kundi la WhatsApp lililoundwa, hakuna ng'ombe aliyeuzwa, hakuna aliyezuiliwa wodini kwa ajili ya bili. Leo anatembea na fimbo, na mwezi ujao nadhani ataitupa, ingawa nimemwambia asiitupe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama SHA ilimsaidia mama yule, najibu ndiyo, tena sana. Akiniuliza kama ilimtesa, nilikuwapo, nilishika chaja.

Sasa tuutazame mpango wenyewe, maana nimegundua wengi tunaugombania bila kuujua. Una mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi: dispensari na vituo vya afya, ambako hutakiwi kulipa, pesa zinatoka kwenye kodi. Unatakiwa kujisajili tu. Wa pili ndio bima yenyewe, ile ya kulazwa na kufanyiwa upasuaji, nao unaendeshwa kwa michango yetu. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa mazito ya muda mrefu, unaoingia pale bima inapoishia. Ulianza kufanya kazi Oktoba 1, 2024, siku NHIF ilipozikwa baada ya kuishi tangu 1966.

Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, kwa sababu binti yangu mwalimu na mpwa wangu mlinzi walikuwa wanagombana mezani kwangu juu ya jambo hili. Mlinzi anayepata 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF. Sasa anakatwa 550. Wa 30,000 alikuwa akikatwa 900, sasa 825. Ukifika karibu na 35,000 mizani inasimama sawa, na kuanzia hapo inageuka. Wa 40,000 alikuwa kwenye 1,000, sasa 1,100. Wa laki moja alikuwa kwenye 1,700, sasa 2,750. Na mkubwa wa laki tano, ambaye NHIF ilikuwa ikimkata 1,700 ile ile, sasa anatoa 13,750, maana kikomo kimeondolewa.

Mimi hili nalipenda, na nalisema mbele ya binti yangu aliye pale nyuma amenuna. Bosi na mtu wa laki moja kulipa 1,700 sawasawa halikuwa jambo la haki. Lakini binti yangu naye ana hoja. Yeye na mumewe wote wameajiriwa, na kila mmoja anakatwa asilimia zake kamili, ilhali wakilazwa nyumba yao ni ile moja. Kwa miezi michache ya kwanza pesa hizo zilikuwa zinakatwa na bado zinatozwa kodi ya mapato juu yake. Hilo lilirekebishwa kwa sheria ya Desemba 2024.

Upande wa manufaa, nawatajia yale ninayoyajua kwa kazi yangu. Mama akijifungua kawaida, mfuko unalipa 10,000. Akijifungua kwa upasuaji, 30,000. Mwenye figo zilizoshindwa analipiwa 10,650 kila anaposafishwa damu kwenye mashine. Kwa saratani, viwango vya mwanzo viliweka 400,000 kwa nyumba moja kwa mwaka kutoka mfuko wa bima, kisha 150,000 za mfuko wa tatu. Mtu ambaye hajauguza saratani anaziona pesa nyingi. Aliyeuguza anajua zinaisha kabla ya dawa kuisha. Hata hivyo, nilianza kazi wakati mgonjwa wa figo wa mkoa huu alikuwa anarudishwa nyumbani akaage watu wake. Siwezi kujifanya sijaona tofauti.

Basi ugomvi uko wapi?

Nirudi nyuma kidogo, halafu mtaniambia kama hamjaona kitu kile kile kikijirudia. Mwaka 1989 serikali ilianza kututoza hospitalini, ile tuliyoambiwa ni kuchangia gharama. Watu wakaacha kuja, ada ikasimamishwa 1990, ikarudi 1992. Mwaka 2004 ikashushwa: shilingi 10 dispensari, 20 kituo cha afya. Mwaka huo huo waziri wa afya, mama Charity Ngilu, akapeleka bungeni mswada wa bima ya kila Mkenya. Bunge likaupitisha. Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi, kwa sababu Hazina iliona pesa hazitatosha. Na hazingetosha kwa nini? Kwa sababu wenye pesilipu walikuwa wachache, na waliobaki, mama wa omena, fundi wa jua kali, mkulima wa miwa wa Mumias, hakuna aliyejua atawatoza vipi. Mwaka 2010, Profesa Anyang' Nyong'o akiwa waziri, NHIF ilitaka kupandisha ada, COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, ikakimbilia mahakamani, na viwango vipya havikuanza hadi 2015.

Halafu 2018. Hii hamhitaji kusimuliwa. Desemba 13 mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alikuja hapa hapa Kisumu kuzindua afya kwa wote. Kaunti nne za majaribio: sisi, Nyeri, Machakos na Isiolo. Ada za hospitali za kaunti zikaondolewa. Mimi nilikuwa bado kazini, wodi ya wanaume. Walikuja watu waliokaa na ngiri miaka kumi, wameifunga kwa leso chini ya suruali. Walikuja wazee wenye shinikizo la damu ambao hawakuwahi kupimwa maishani. Walikuja pia majirani wa kaunti nyingine wakiwa na kadi za shangazi zao, na mtu akiitwa kwa jina hageuki, inabidi umguse bega. Nililaza wawili wawili kwa kitanda, kichwa huku na kichwa kule. Nilichoka, lakini ningewaambia uongo nikisema sikufurahi. Ndipo nilipojua ugonjwa uliokuwa umefichwa majumbani kwa sababu ya mia tano.

Kisha dawa zikaanza kuchelewa. Mgonjwa anapata daktari bure, anaandikiwa karatasi, anatumwa duka la dawa nje ya geti. Majaribio yakaisha, na ile ya bure haikusambaa nchi nzima kama tulivyoahidiwa. Nimeona kwa macho yangu kwamba ukiondoa ada watu wanakuja, na nimeona kwa macho hayo hayo kwamba pesa za kodi zisipofika kwa wakati, neno "bure" linabaki kwenye bango.

Mji huu una historia yake na zawadi za afya, mniwie radhi nikichepuka. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga wazee bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Mzee Jomo Kenyatta alikuja kuifungua Oktoba 1969, na siku hiyo watu walipigwa risasi barabarani. Waliokuwapo hawajasahau. Ndiyo maana Kisumu mwanasiasa akija na hospitali mkono wa kulia, sisi tunatazama wa kushoto. Hata uchaguzi wa 2022, tuliokuwa tunaimba BabaCare, ahadi ya matibabu ya marehemu Raila Odinga, tuliahidiwa matibabu na pande zote mbili, na sikumbuki mkutano hata mmoja ambapo mtu alisimama akauliza: mama asiye na mshahara atalipa namna gani?

Hilo swali lilimshinda Ngilu, likamshinda Uhuru, na sasa limemkalia Ruto. Ukitaka kuipima SHA, acha matangazo, acha hata matusi ya mitandaoni. Tazama inavyomshughulikia mtu asiye na pesilipu, maana huyo ndiye nchi yenyewe.

Kuna kijana ameinua mkono. Sema.

Anasema, "Sista, mimi sina mshahara. Hiyo 2.75 ni ya nini kwangu?"

Umenitoa jasho, lakini ndipo nilipokuwa naelekea. Kwako wewe serikali ilitengeneza kipimo cha uwezo. Ni maswali. Paa lako ni la nini? Sakafu? Choo ni cha aina gani? Unapikia nini, maji unachota wapi, una mifugo? Majibu yanaingizwa kwenye simu, na mashine inakisia mapato yako. Wazo si baya, maana kodi ya kichwa ingekuwa mbaya zaidi. Lakini mashine haikukulia Nyanza wala Vihiga.

Chukua mtaa wa Manyatta hapa mjini. Paa ni la mabati, ndiyo, lakini la mwenye nyumba. Choo ni cha kumwaga maji, ndiyo, kwa familia kumi na moja. Chukua kijijini. Mzee anafariki, watoto walioko Nairobi wanachanga, nyumba inapigwa plasta na kupakwa rangi wiki moja kabla ya mazishi ili wageni wasiseme. Wageni wanakula, wanaondoka. Mjane anabaki ndani ya nyumba yenye vigae sebuleni na hana chumvi. Mashine ikija inaona vigae. Nyanya wa namna hiyo nawajua watatu, na mmoja wao kipimo kilimweka juu kuliko mpwa wangu mlinzi.

Kisha kuna hili la mwaka. Mwenye mshahara anakatwa mwezi kwa mwezi, hata hahisi. Wewe na mama wa omena mnatakiwa kulipa miezi 12 kwa pamoja. Sasa omena, mnaoiuza mnajua, inavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wanalala nyumbani, na sokoni kunakuwa na vumbi tu. Halafu kila mwaka uvuvi wake unafungwa miezi minne, Aprili hadi Julai, ili samaki wazaane. Mapato ya mama huyu yanafuata mwezi wa mbinguni, na ada yake inafuata kalenda ya ofisi. Aliyeandika kanuni ile nina hakika anapokea mshahara tarehe 28.

Kuwa mkweli, serikali imeliona. Mwaka 2025 ilileta Lipa SHA Pole Pole, unatoa kidogo kidogo kwa siku, wiki au mwezi hadi ada ya mwaka ikamilike. Pia mwaka huo ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Hiyo ya pili naipongeza bila kinyongo. Lakini sikilizeni vizuri maana yake. Wamejisajili zaidi ya milioni 20 na wanaolipa kwa hiari bila mwajiri ni sehemu ndogo sana. Kusajiliwa si kulipiwa bima. Jirani yangu alikuwa miongoni mwa hao mamilioni yanayotajwa jukwaani, hadi usiku ule dada wa dawatini alipomwambia ukweli.

Yapo na mengine, nitayapitia haraka maana mwenyekiti ameanza kukohoa na yeye. Mahakama Kuu iliziharamisha sheria hizi Julai 2024, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba, ndipo mpango ukaendelea. Mfumo wa kompyuta, ule unaolala hadi saa nne, ni wa zaidi ya shilingi bilioni 104, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alisema kwenye ripoti ya 2025 kwamba serikali haiumiliki. Tunalipa kodi ya nyumba ambayo ufunguo uko kwa mwingine. Hospitali za binafsi zimelia madeni tangu ya NHIF, baadhi zikarudi kudai pesa taslimu. Na wezi hawakulala: mwaka 2025 wizara ilisimamisha makumi ya hospitali kwa madai ya uongo, mtu wa malaria aliyepewa vidonge akaenda zake anaandikwa kwamba amelazwa siku tatu. Wizi wa hivyo niliuona hata enzi za NHIF, sehemu ambayo sitaitaja. Tofauti ni kwamba siku hizi wanakamatwa kidogo zaidi. Nasema kidogo.

Lakini nisiache ya dharura. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi "aliyelipa". Haisemi "mwenye chaji". Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, na mfuko wa tatu uliundwa ili jambo hilo liwezekane, hospitali itibu kwanza na ilipwe baadaye. Kijana mwenye paja lililovunjika kupitishiwa kwenye dawati la ada usiku wa manane ni kinyume cha mpango wenyewe ulivyoandikwa. Hapo siulaumu mpango. Nalaumu pengo kati ya karatasi na geti la hospitali, na nalaumu pesa kidogo zinazowekwa kwenye mfuko huo kila bajeti inaposomwa.

Mnataka msimamo wangu, sivyo? Naona mama mmoja anatingisha kichwa kama anayesema, sista, toa.

Mimi singeirudisha NHIF. Wanaotaka irudi wamesahau foleni. Mwenye kipato kikubwa kulipa zaidi ni sawa, na dispensari kulipiwa na kodi ni sawa kabisa. Huko ndiko magonjwa yetu mengi yalipo, malaria, shinikizo, kikohozi cha mtoto. Kama shilingi moja tu ingebaki nchini ningeipeleka dispensari kabla ya kuipeleka kwenye mashine kubwa. Ukienda dispensari ukakuta panadoli tu, basi mfuko wa kwanza ni hadithi, na watu wote watakimbilia hospitali kubwa wanakotozwa.

Ninachokataa ni kumfuata mama wa omena na kipimo cha paa. Mama huyu tayari analipa. Akinunua sabuni analipa VAT ya asilimia 16, kile kile anacholipa mbunge akinunua sabuni ile ile. Ningependa sehemu ya kodi hizo ihesabiwe kuwa ndiyo mchango wake, na anayetakiwa kutozwa zaidi awe na kipato kinachoonekana, si vigae vya msiba. Najua jibu la Hazina, nimelisikia tangu 2004: pesa hazitoshi. Na najua 2018 ilitufundisha kwamba bure ya kodi inaweza kukatika katikati ya mwaka. Sina jibu la hilo la kuniridhisha hata mimi mwenyewe. Lakini kama ni lazima tuchague nani mnyonge, Rwanda walianza kwa kukalisha wanakijiji wenyewe wakapangana, maana jirani anajua nani ana nyumba nzuri na chungu kitupu. Waligombana, ndiyo. Afadhali ugomvi wa majirani unaoweza kukata rufaa kuliko simu inayokutolea nambari usiyojua imetoka wapi.

Na majina yasibadilishwe kila baada ya uchaguzi. Linda Mama, ule mpango wa kujifungua bila malipo, sasa ni Linda Jamii. Kakamega walikuwa na mpango wao wa kumpa mama mjamzito 12,000 kwa awamu sita ili aje kliniki, watu wakauita Oparanya Care, jina la gavana. Mpango ukiitwa jina la mtu, gavana akiondoka mama anabaki akiuliza aende wapi. Nimechoka kujifunza majina mapya ya kadi ile ile.

Sasa ya kwetu hapa, maana hatuwezi kuketi tukingoja Nairobi. Nilizungumza na mwekahazina jana. Chama kina akiba. Pendekezo ni hili: chama kimlipie kila mwanachama ada ya mwaka mzima, halafu mwanachama akirudishie chama kidogo kidogo, akina mama wa omena wakisamehewa miezi ile minne ya kufungwa kwa ziwa na wiki za mbalamwezi. Riba hakuna. Wa chini kabisa atakuwa na 3,600 za kurudisha kwa mwaka. Vijana wa bodaboda, ninyi mnaanza kwanza, na sababu mnaijua, mnapita mataa mkitazama simu.

Pili, kila mmoja apige *147# leo hii aone kipimo kilimwekea kiasi gani. Mkiona nambari ya ajabu, iandikwe kwenye daftari na jina. Tukifika ishirini, tunaenda na daftari hilo kwa mbunge, tukiwa wote, na yule nyanya wa vigae tutambeba kwa pikipiki akae mbele.

Kuna swali moja la mwisho pale dirishani. Anauliza kama mume aliyeoa wake wawili analipa mara ngapi. Mama, hilo nalo ni la mwenyekiti, yeye ndiye mwenye uzoefu.

Haya, walio na simu zenye chaji wakae upande huu. Wasio na chaji, soketi ziko mbili tu, moja pale nyuma ya madhabahu na nyingine jikoni. Chaja nimekuja nazo tatu.